Watu Wawili Darajani

Kama ndiyo kwanza unanisoma, jina langu ni Theodora. Nauza dawa katika duka moja mjini Moshi, na nina mchumba anayeitwa Denis. Haya ninayoyasimulia yalianza baada ya kumzika kaka yangu, Primus.

Primus alikuwa mpagazi mlimani mpaka goti lake lilipoharibika. Akarudi Kibosho kwa mama, na badala ya kukaa kibarazani akinung'unika, akaanza kutengeneza viwanja vya vita.

Usicheke. Ni mchezo wa mezani. Denis na wenzake, watu wazima wenye kazi zao, hukutana Jumamosi mjini, wakapanga askari wa plastiki wadogo kama nusu ya kidole, wakarusha dadu, wakapima mwendo kwa rula, na mwishowe upande mmoja ukashindwa. Askari hao wanahitaji vilima vya kupanda, mito ya kuvuka, nyumba za kujificha. Kuagiza vitu hivyo nje ni ghali, kwa hiyo Primus alivitengeneza kwa vilivyotupwa. Kilima alikichonga kwenye lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya katoni za friji. Udongo ulikuwa maganda ya kahawa yaliyotwangwa na kuchanganywa na gundi ya mbao. Mawe yalikuwa vipande vya makaa. Paa la nyumba, jani kavu la mgomba. Ukiinama mpaka macho yako yawe sawa na meza, unaapa kwamba unaona nchi nzima.

Meza yake ya mwisho haikuwa ya vita vya mbali. Ilikuwa korongo letu wenyewe, na mto wake, na daraja la miti ambalo watu wa kwetu huvuka kwenda barabarani. Hakuimaliza. Wakati wa masika alianguka kutoka kwenye daraja hilo hilo. Walimtoa chini sana, kwenye mashamba ya tambarare. Tukamzika kihambani, kwenye shamba letu la migomba nyumbani, na kibanda chake cha kazi tukakifunga.

Halafu meza ikaanza kuendelea.

Kila nilipopanda kumwona mama, nikichungulia dirishani nakuta miti mipya kwenye kilima. Nakuta ukuta ambao haukuwepo. Katika sehemu zilizopita nimewaeleza jinsi nilivyojaribu kujidanganya. Na nimewaeleza nilichokiona mara ya mwisho, kikanifanya niondoke kihambani bila hata kumuaga mama: askari wawili wa plastiki, wamesimama katikati ya daraja, wanatazamana.

Primus aliyewekwa kaburini na mikono yangu hakuwahi kuweka askari kwenye meza ambayo haijakamilika. Alisema ni mkosi.

*

Nilimwambia Denis siku iliyofuata. Alikuwa amenijia dukani wakati wa chakula cha mchana, tukakaa nyuma ya kaunta na chipsi zetu.

"Wawili?" aliuliza.

"Wawili."

"Umeangalia vizuri?"

"Denis, wawili si wa kukodolea macho."

Aliacha kula. Akafunika chipsi zake kwa gazeti lake, polepole, kama anayefunika mtoto aliyelala.

"Wamekaaje?"

"Wanatazamana. Mmoja ameinua mkono."

"Wa rangi gani?"

Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza. Mtu akikwambia ameona jambo la kutisha, utamuuliza rangi? Lakini nilimpenda, na aliyenishika mkono wiki nzima ya msiba ni yeye. Nikamjibu kwamba sikuangalia rangi.

"Ile meza inakuumiza," alisema. "Twende Jumamosi nikaichukue. Wenzangu wanataka kucheza mchezo mmoja wa kumkumbuka Primus. Ikishatoka pale nyumbani, utapumzika. Mama naye atapumzika."

Nilimshukuru. Naandika neno hilo na mkono unakuwa mzito. Nilimshukuru.

*

Jumamosi tulipanda kwa pikipiki yake. Ilikuwa ile miezi yetu ya baridi, ukungu umekaa juu ya migomba mchana kweupe, na kila mtu unayekutana naye njiani anaanza kuwa kivuli kabla hajawa mtu.

Tulisimama kwenye mashine ya kukoboa kahawa, maana Denis alitaka magunia matupu ya kufungia meza. Mwenye mashine, mzee Theodory, alinisalimia, akanipa pole upya, kisha akanivuta pembeni.

"Theodora, mimi nilikuwepo kwenye mazishi ya kaka yako. Udongo niliutupa kwa mkono huu."

"Najua, mzee. Asante sana."

"Basi nisikilize. Juzi juzi alikuja mtu hapa kuchukua maganda. Ana koti la Primus. Anachechemea kama Primus. Kofia ameivuta mpaka hapa. Hakusema kitu, alinyoosha gunia tu."

"Ukafanyaje?"

"Nikamjazia." Akanitazama kama anayeomba kuhurumiwa. "Wewe ungemuuliza nini, mwanangu?"

Nyuma yetu gunia lilianguka. Nilipogeuka, Denis alikuwa anaokota.

"Wazee bwana," aliniambia tulipoondoka. "Ukungu, macho mabovu, na pombe yao ya mbege."

Lakini hakuwasha pikipiki mara ya kwanza. Wala ya pili. Mguu wake ulikuwa unateleza kwenye kiki.

*

Mama yangu anaitwa Mektrida. Tulimkuta uani, anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Kisha akamwona aliyekuwa nyuma yangu. "Na Denis."

"Shikamoo, mama."

Mama aliinamia ndizi zake. "Marahaba," alisema, akiiambia ndizi.

Zamani mama alikuwa akimpenda Denis kuliko anavyonipenda mimi. Akija, anachinjiwa kuku. Kisha wazee wake walikuja kutoka Bomang'ombe kuzungumza habari za kunioa, wakala, wakanywa, wakaondoka, na tangu siku hiyo mama akawa mtu wa kuitikia salamu tu. Nilidhani ni uchungu wa kuozesha binti. Msiba ulipotokea nikadhani ni msiba.

Denis alieleza alichofuata. Aliongea kwa upole sana, kuhusu marafiki wa Primus, kuhusu heshima.

"Meza haitoki," mama alisema.

"Mama, itatunzwa vizuri kuliko hapa. Hapa kuna unyevu, ile gundi itaachia."

"Nimesema haitoki, baba."

"Basi angalau tuione," nilisema. "Mama, nipe ufunguo."

Nilitegemea ubishi. Mama akajipapasa kifuani, akautoa, akanipa. Haraka mno.

Kibanda kilinuka gundi. Hilo la kwanza. Kibanda kilichofungwa tangu masika kilinuka gundi mbichi.

Meza ilikuwa katikati, imefunikwa kwa shuka. Nililivuta shuka. Kilima kilikuwa kimejaa miti kuliko mara ya mwisho, midogo, mizuri, imeshikana mpaka unataka kuisikiliza. Mto uling'aa kwa vanishi. Na daraja lilikuwa mahali pake.

Juu yake alisimama askari mmoja.

Mmoja.

"Unaona?" Denis alisema, na pumzi aliyoitoa ilikuwa ndefu kama ya mtu aliyetua mzigo. "Mmoja tu. Theodora wangu, umechoka. Hulali."

"Walikuwa wawili."

"Umechoka, mwanangu," mama naye alisema kutoka mlangoni.

Sijawahi kuwasikia wawili hao wakikubaliana jambo lolote tangu wazee wa Bomang'ombe walipoondoka. Walipokubaliana kwamba nina kichaa, nusura niwaamini.

Denis alianza kuipima meza kwa mikono, akatikisa kichwa. "Hii kwa pikipiki haiwezekani. Naenda kule juu kwenye mtandao nimpigie mtu wa pikapu."

"Mama amekataa."

"Mama atakubali," alisema kwa sauti ya chini. "Ni kwa ajili yako."

Akatoka. Nilisikia hatua zake zikimezwa na ukungu.

*

Niliinama juu ya daraja. Primus alilitengeneza kwa vijiti vya mibuni ya kahawa, kila kijiti amekifunga kwa uzi wa mgomba. Mbele ya askari aliyebaki palikuwa na doa. Nikaligusa. Lilinata.

Gundi bado ilikuwa mbichi, na ndani yake umebaki unyayo mdogo wa plastiki. Mtu alikuwa amesimamishwa pale, kisha akang'olewa kwa nguvu mpaka mguu ukakatika.

"Mama."

Mkono wake ulikwenda kifuani, pale ulipotoka ufunguo.

"Mama, nionyeshe mkono wako."

Mama yangu ni mwanamke mrefu. Siku hiyo alionekana mfupi. Alifungua kiganja, na pale palikuwa na askari mwenye mguu mmoja, ameinua mkono wake.

Nilidhani nitapiga kelele. Badala yake nikakaa kwenye kigoda cha Primus.

"Ni wewe," nilisema. "Siku zote hizi ni wewe. Miti yote hii."

"Miti ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia? Nimelia, mama. Nimekwenda kwa padri. Nimekunywa dawa za kulala, za dukani kwangu mwenyewe, nikidhani marehemu hana raha."

Mama alivuta boksi la katoni, akakaa mbele yangu. Akachukua kijiti cha mbuni, akakipasua ncha, akachovya kwenye gundi, akabandika vipande vya kuvumwani, majani laini ya kwenye magome ya miti, kimoja kimoja. Vidole vyake vya kuchuma kahawa vilikwenda taratibu, vikijua njia.

"Alinifundisha yeye," alisema. "Goti lilipokuwa linamuuma alikuwa anashindwa kuinama, basi mimi namfanyia miti. Kulikuwa na siku tunafanya kazi mpaka chakula kinaungua. Alipokufa, nikasema nitaingia mara moja tu nifagie. Nikaona kilima kiko wazi upande mmoja. Kipara kabisa. Nikashindwa kukiacha hivyo. Ukimwacha mtoto nusu uchi kwenye baridi hii, utalala?"

Nikachukua kijiti. Sikujua nifanye nini kingine. Mama alinionyesha, kama alivyonionyesha zamani kusuka mkeka. Mti wangu wa kwanza ulitoka kama ufagio. Akautazama, akacheka kidogo, na mimi nikacheka, na kwa muda kibanda kile hakikuwa na maiti wala uchawi. Kulikuwa na mama na binti na harufu ya gundi.

Laiti tungeishia hapo.

"Na huyu?" niliuliza, nikimgusa askari aliyevunjika. "Kwa nini ulimweka, ukamtoa?"

Mama aliacha kazi. "Sikumweka mimi."

"Mama."

"Namtoa tu. Kila akiwekwa, namtoa. Nikirudi, namkuta tena."

"Nani anamweka?"

Kabla hajafungua mdomo, nje, kwenye majani makavu ya migomba, nilisikia mwendo. Hatua moja nzito, moja ya kuburuta. Nzito, ya kuburuta. Mwendo niliouzoea. Mwendo uliokuwa ukiniamsha kila likizo.

"Hodi," sauti ilisema.

Na mama yangu, bila kushtuka, bila hata kugeuka, akasema: "Ingia, mwanangu."

*

Koti liliingia kwanza. Koti lile la mlimani, la kijani, lililochanika begani na kushonwa kwa uzi mweusi. Nililishona mimi. Kisha gunia la maganda, kisha kofia.

Nilipiga kelele hapo. Nilirudi nyuma nikagonga meza, kilima kikatikisika, na yule askari mmoja akaanguka mtoni.

Mtu yule alitua gunia haraka, akavua kofia.

Hakuwa Primus. Alikuwa kijana wa umri wake, uso mpana, macho ya mtu asiyelala.

"Nisamehe, dada," alisema. "Naitwa Julius. Sikujua kuna mgeni."

"Hilo koti umelitoa wapi?"

"Mama alinipa. Na mabuti. Yananibana, ndiyo maana natembea hivi." Akaangalia miguu yake kwa aibu. "Nilikuja na ndala tu, na huku juu kuna baridi."

Nilimgeukia mama. "Unamwita mwanangu. Unajua huyu siye?"

"Mimi si mwehu, Theodora," mama alisema. "Najua nimemzika nani. Huyu alikuja wiki ile baada ya mazishi, akakaa pale mpakani kwenye kahawa, hasemi, hali. Nikampa kiburu cha ndizi na maharage. Kesho yake akanichanjia kuni. Nikimuuliza anataka nini, analia. Sasa mtu analia hivyo mbele yako, utamwita nani?"

"Na hukumuuliza analilia nini?"

Aliyejibu ni Julius.

"Hakutaka kujua, dada. Mara mbili nilijaribu kumwambia, akaninyamazisha. Ndipo nikaanza kumwonyesha."

Akasogea mezani. Kwa vidole viwili akamtoa askari aliyeanguka mtoni, akamrudisha darajani. Kisha akanyoosha mkono kwa mama. Mama akakataa kwa kichwa. Julius akaacha mkono pale pale, umenyooshwa, mpaka mama mwenyewe akaweka yule mwenye mguu mmoja kwenye kiganja chake.

Akawapanga wanatazamana.

"Mimi nachimba mchanga kule chini ya daraja," alisema. "Ni marufuku, mto unaliwa kingo, lakini ndiyo kazi niliyopata. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, nikajua hakuna askari mgambo atakayeshuka. Nilikuwa hapa." Aliweka kidole kando ya mto wa vanishi, chini kabisa. "Nikasikia watu wanagombana juu. Nikatazama. Walikuwa wawili. Primus nilimjua kwa mwendo. Mwingine alikuwa amenipa mgongo. Nikainama nijaze ndoo. Nikasikia ubao. Nilipoinua kichwa, amebaki mmoja."

Nilimsogelea.

"Alisukumwa?"

"Sikuona. Naapa kwa Mungu, hiyo sehemu sikuiona, na ndiyo inayoninyima usingizi. Niliingia majini, dada. Maji yalinishinda. Nilipotoka, yule wa juu alikuwa ameshakimbia."

"Kwa nini hukusema?"

"Wangeniuliza nilikuwa nafanya nini mtoni." Akajifuta uso kwa mkono wa koti la kaka yangu. "Na nilijua yule mwingine atasema. Mtu hawezi kuona vile akakaa kimya. Nikaja mazishini nimsikie akisema. Nikamngoja kabla ya misa, hakusema. Nikamngoja kaburini, hakusema."

"Ulimwona mazishini?"

"Nilimwona. Nilimjua kwa mgongo ule ule. Alikuwa amebeba jeneza."

Nilianza kuwapanga kichwani. Mbele kulia, baba mdogo. Mbele kushoto, jirani yetu. Nyuma, wapagazi wenzake wawili. Katikati, upande wangu, karibu nami kiasi kwamba aliniachia kitambaa chake nifute machozi...

"Jamani, pikapu imepatikana!" Denis alisema kwa furaha, akiinama kuingia mlangoni.

*

Alimwona Julius, akaona koti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kaburi linafunguka. Kisha macho yakashuka mezani, darajani, kwa wale wawili.

Hakuna aliyemshtaki. Sikumbuki hata kama nilifungua mdomo. Lakini alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa mlango, na akasema:

"Aliteleza."

Neno moja. Miezi yote ile, na kumbe neno lenyewe lilikuwa tayari, limekaa nyuma ya meno yake.

"Ulikuwepo," nilisema.

"Theodora, aliteleza. Lile goti. Mbao zilikuwa na maji, alinigeukia kwa hasira, goti likakataa. Nilimshika mkono wa koti. Ukanitoka."

"Ukakimbia."

"Nilikimbia."

"Ukanijia dukani jioni ile ile. Ukaninunulia soda. Nilikuwa sijapata habari, Denis. Ulikaa mbele yangu nikikusimulia habari za wateja, ukijua kaka yangu yuko majini."

Aliweka mikono usoni. Nilitaka alie ili nimchukie vizuri zaidi. Hakulia. Alipoondoa mikono, alikuwa ametulia kwa namna iliyonitisha kuliko kilio.

"Nilikosa. Nipeleke polisi leo, nitakwenda na miguu yangu. Lakini kwanza niulize tulikuwa tunagombana nini."

Kwenye kona, mama alisimama ghafla. Katoni aliyokalia ilianguka.

"Inatosha," alisema.

"Niulize, Theodora."

"Mlikuwa mnagombana nini?"

"Nilikuwa nakuja kwenu. Akanikuta darajani, akanizuia kuvuka. Aliniambia nisikuoe. Aliniambia nirudi Bomang'ombe nikawaambie wazee wangu posa imevunjika, na nisikupe sababu. Nikamwambia anipe hiyo sababu mimi. Akasema hana ruhusa." Denis alikuwa ananitazama mimi, lakini kila neno alikuwa analipeleka kwenye kona. "Nikamwambia basi sirudi. Ndipo akasema, na hiki ndicho kitu cha mwisho alichosema kaka yako hapa duniani: 'Denis, mimi sikutaka kuja. Nimetumwa.'"

Julius aliacha mdomo wazi. Hilo hakulijua.

Nilimgeukia mama. Kwa mara ya kwanza tangu masika, mama yangu hakunitazama. Alinipita, akampita Denis kana kwamba ni nguzo, akatoka nje kwenye ukungu.

Nilidhani anakimbia. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alikuwa amekwenda kwenye ua wa mpaka, pale karibu na kaburi, ameinama.

Aliporudi, alikuwa ameshika jani la isale, bichi, refu, amelipiga fundo katikati.

Wasomaji wangu wa uchaggani mnajua. Kwa wengine nitasema kwa ufupi: jani hilo kwetu halichumwi ovyo. Ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayalitoshi, unachuma isale, unamshikia. Hawezi kukupiga wala kukufukuza. Na akishalipokea mkononi mwake, amekusamehe, na hana tena njia ya kurudi nyuma.

Nimewaona wazee wakishikiana isale kwa ajili ya damu. Sijawahi kumwona mzazi akimshikia mtoto wake.

Mama alipiga magoti mbele yangu, juu ya maganda ya kahawa yaliyomwagika.

"Lipokee, Theodora," alisema. "Ukishalipokea, nitakwambia nilimtuma kwa nini. Nitakwambia Denis ni nani."

"Usilipokee," Denis alisema nyuma yangu. "Nakuomba. Sikia kwanza. Tusikie wote kwanza, ndipo usamehe."

Mama alikuwa amelishika jani kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kumpa mkubwa kitu.

Tangu nikiwa mdogo, mama akininyooshea kitu, napokea. Sijawahi kufikiri kwanza.

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka.